Bakteria wa kinywani kama ushahidi wa jinai: tuwaulize wanachokijua, tusiwalazimishe kutaja jina

#1 Lenzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Naomba mnivumilie, uzi huu ni mrefu. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ya kila siku ni kuotesha bakteria na kuwatambua. Mambo ya mahakama nayasoma kama msomaji mwingine yeyote. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na kila nikikutana na kichwa cha habari cha aina ya "bakteria wa mdomoni kuwafichua wahalifu" linanirudia upya. Leo nimeamua kulitoa.

Nianze na Ray Krone, Mmarekani. Mwishoni mwa 1991 mwanamke aliuawa ndani ya baa huko Phoenix, Arizona, na mwili wake ukakutwa na alama za kung'atwa. Krone alikuwa mteja wa baa hiyo. Polisi wakampa kipande cha povu gumu akiume, wakalinganisha umbo la meno yake na zile alama, na mtaalamu akaja mahakamani kusema vinafanana. 1992 akahukumiwa kifo. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikasikilizwa upya 1996, akatiwa hatiani tena, mara hii kifungo cha maisha. Alitoka Aprili 2002, baada ya zaidi ya miaka 10 ndani, pale DNA ya mate yaliyokuwa kwenye nguo ya marehemu ilipopimwa na kuonekana ni ya mwanamume mwingine kabisa. Mwanamume huyo wakati huo alikuwa tayari gerezani kwa kosa jingine.

Kila nikifika hapo kwenye kisa hiki nasimama. Mate yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Watu walikuwa wanapima nafasi kati ya jino na jino juu ya ngozi, ngozi inayovimba, inayovutika, inayobadilika rangi kila saa, kumbe jibu limekauka pale pembeni kwenye kitambaa.

Sasa tuyatazame hayo mate kwa karibu, maana ndiyo sehemu ninayoijua.

Mililita 1 tu ya mate ina bakteria wapatao milioni 100, mara nyingi zaidi ya hapo. Spishi zilizokwisha kutambuliwa katika vinywa vya binadamu zinapita 700, ingawa kinywa kimoja hakibebi zote. Na hawaishi wamechanganyika ovyo. Streptococcus salivarius makazi yake ni juu ya ulimi. Streptococcus sanguinis anapenda uso wa jino. Porphyromonas gingivalis anajificha chini ya ufizi, mahali hewa haifiki. Ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki, yaani ukoga, ni jamii nzima iliyojengwa tabaka juu ya tabaka. Antonie van Leeuwenhoek aliukwangua kwenye meno yake mwenyewe, akautazama kwa lenzi aliyoisugua kwa mkono, na mwaka 1683 akawaandikia Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kwamba ameona viumbe vidogo vinatembea humo.

Ukitaka kuwaona leo, si kazi kubwa. Pitisha kijiti cha pamba ulimini, paka kwenye agari ya damu (jeli ya kuoteshea bakteria iliyochanganywa na damu), weka kwenye inkubeta nyuzi 37, rudi kesho. Utakuta koloni ndogondogo, yaani vifungu vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, na kuzunguka kila moja damu imegeuka kijani, rangi ileile ya chubuko linaloanza kupona. Wengi wa hao ni streptokoki wa kinywani, yaani bakteria wa jenasi ya Streptococcus. Ukiwaotesha kwenye agari maalumu yenye sukari nyingi, S. salivarius anajitenga na wenzake kwa macho tu: koloni lake linavimba, laini, buluu hafifu, kama tone la gundi lililodondoka kwenye sahani. Nimeyaona mara nyingi na bado huwa naita wenzangu waje kutazama.

Hapa ndipo ushahidi unapoanza. Doa likikutwa kwenye nguo au kwenye ngozi, swali la kwanza la mpelelezi si "ni la nani". Ni "hili ni nini". Kipimo cha siku zote ni cha amilasi, kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga. Unalaza karatasi yenye wanga uliofungwa na rangi ya buluu juu ya doa, na penye amilasi rangi inaachia. Ni kipimo kizuri, lakini amilasi haimo kwenye mate pekee. Imo kwenye maziwa ya mama, kwenye kinyesi, na kidogo kwenye jasho. Kwa hiyo mtu akisema mahakamani "ni mate" kwa sababu ya buluu hiyo peke yake, wakili mzuri atambana.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha njia nyingine: tafuta DNA ya streptokoki wa kinywani kwenye doa kwa kutumia PCR, njia ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Wakikutwa, na hasa akikutwa S. salivarius, doa limetoka kinywani. Hii naikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu inamwuliza bakteria kitu anachokijua kweli, yaani nyumbani kwake ni wapi.

Tatizo linaanza tunapomwuliza nyumba hiyo ni ya nani.

Watu wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wamelifanyia kazi swali hilo kwa miaka mingi. Katika kazi yao ya 2005 washiriki 8 walijing'ata wenyewe mkononi, sehemu ya juu, kisha streptokoki waliookotwa kwenye alama wakalinganishwa na wale wa kwenye meno ya mbele kwa alama za DNA. Kila mshiriki alikuwa na mkusanyiko wake wa aina, na bakteria wa kwenye alama waliweza kurudishwa kwa meno yaliyong'ata. 2012 wakaendelea bila kuotesha kabisa: walisoma moja kwa moja DNA ya streptokoki kutoka kwenye ngozi na kutoka kwenye meno, wakaona sampuli za mtu mmoja zinakaribiana kuliko zinavyokaribiana na za wengine.

Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini kutoka watu wachache wanaojing'ata wenyewe kwa utaratibu, ngozi safi, sampuli inachukuliwa kwa uangalifu, hadi mtu mmoja aliyesimama kizimbani, kuna safari ndefu. Alama za meno ziliruka safari hiyo. Zilifika mahakamani kwanza, uchunguzi ukafuata baadaye. Kesi ya muuaji Ted Bundy kule Florida 1979 ndiyo iliyozipa umaarufu, na ilibidi tusubiri hadi 2009 ndipo Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kitoe ripoti iliyosema wazi kwamba msingi wa kisayansi wa kumtambua mtu kwa alama ya meno haujathibitishwa. Miaka 30! Mwaka 2016 Tume ya Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai ya Texas ikapendekeza zisitumike mahakamani hadi zithibitishwe.

Sitaki bakteria wangu wapitie njia hiyo. Karibuni tujadili.


#2 Nuru ya Asubuhi

Mkuu Lenzi, shukrani kwa bandiko, nimesoma neno kwa neno. Swali langu ni la mtu asiye wa fani. Umesema mwenyewe Krone aliokolewa na DNA iliyokuwa kwenye mate. Sasa kama DNA ya mtu mwenyewe imo humohumo, tunahangaika na bakteria wa nini?


#3 Lenzi (mleta uzi)

Dada/kaka Nuru, ni swali la msingi kabisa. DNA ya binadamu ndiye shahidi wa kwanza, sibishani. Ikipatikana safi, bakteria wakae pembeni.

Ila haipatikani safi kila mara. Mate yana seli za mashavu na chembe nyeupe za damu, na seli hizo ni dhaifu. Zikiwa juu ya ngozi ya mtu aliye hai, kuna vimeng'enya vinavyokata DNA, kuna unyevu, kuna bakteria wenyewe wanaokula. Halafu kuna jambo la wingi: ukipitisha pamba juu ya ngozi ya aliyeng'atwa unazoa seli za ngozi yake yeye kwa maelfu, na zile chache za aliyeng'ata zinamezwa humo. Maabara inarudisha majibu ya nusunusu.

Streptokoki ana ukuta mnene wa seli. DNA yake imefungwa ndani ya gamba hilo, kwa hiyo inavumilia pale ambapo ya binadamu imekwisha katikakatika. Na kwenye ngozi ya mkono au bega wenyeji ni stafilokoki na jamaa zao, S. salivarius hana makao pale. Ukimkuta kwa wingi, kuna kinywa kimefika.


#4 Mmoja wa Wawili

Nimekuja mbio baada ya kusoma hilo. Mimi ni pacha wa kufanana. Tumezoea kuambiwa kipimo cha kawaida cha DNA hakiwezi kututenganisha. Je, bakteria wa kinywani wanaweza?


#5 Lenzi (mleta uzi)

Mkuu, kuna utafiti wa 2012 kuhusu jambo hilohilo, uliofuatilia mate ya mapacha tangu wakiwa vijana wadogo hadi utu uzima wa mwanzo. Walichokiona ni kwamba malezi na mazingira yanaupanga mchanganyiko wa bakteria kuliko urithi. Mapacha walipohama na kuacha kuishi pamoja, mate yao yakaanza kuachana.

Kwa hiyo jibu ni: inawezekana, na inazidi kuwezekana kadiri mnavyoishi mbali. Mkiwa bado nyumba moja, mnakula sahani moja, ningesita sana kusema chochote mbele ya hakimu.


#6 Mzee wa Hoja

Vijana, nawasoma kwa makini. Lenzi, mwanangu, naona unaogopa mno. Kila kitu kipya huanza kikiwa dhaifu. Mwanasayansi Mwingereza Alec Jeffreys alipogundua alama za DNA mwaka 1984 nani aliziamini? Miaka michache tu baadaye Colin Pitchfork akatiwa hatiani kwa mauaji ya wasichana wawili huko Leicestershire. Kama wangekaa wanasubiri miaka 30 muuaji angeendelea kutamba. Wape bakteria nafasi yao.


#7 Lenzi (mleta uzi)

Shikamoo Mzee. Mfano wako ni mzuri, na naomba niutumie.

Kesi ya Pitchfork iliisha 1988, lakini kazi ya kwanza ya DNA katika kesi ile ilikuwa kumwachia mtu. Kulikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mauaji mojawapo. Jeffreys akapima, akakuta sampuli za matukio yote mawili zimetoka kwa mwanamume mmoja na si kijana yule. Bila kipimo hicho kijana angefungwa kwa maneno yake mwenyewe.

Tofauti ya pili, Mzee, ni kwamba DNA uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Unaweza kuhesabu alama fulani inapatikana kwa watu wangapi katika jamii, ukazidisha, ukamwambia hakimu uwezekano wa kufanana kwa bahati ni kiasi hiki. Bakteria ni jamii inayoishi, inayozaliana, inayohama na kuhamiwa. Meza antibayotiki kwa wiki moja, jamii inapanguka. Anza kuvuta sigara, inabadilika. Jino likitobolewa na kuzibwa, ufizi ukiugua, inabadilika. Hesabu ya kumpa hakimu bado hatuna.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: tuwatumie kwanza kutoa watu kwenye tuhuma, kama DNA ilivyoanza. Wakipishana kabisa, mtuhumiwa aachiwe.


#8 Agari

Kaka Lenzi, mimi pia ni wa maabara, na hapo mwisho umeteleza. Naomba nikusahihishe kwa heshima.

Ukisema "wakipishana, aachiwe" unachukulia kwamba ulichookota kwenye alama ni picha kamili ya kinywa kilichong'ata. Si hivyo. Kinywa kimoja kinabeba aina nyingi za spishi ileile moja, Streptococcus mitis peke yake anaweza kuwa na kadhaa kwa wakati mmoja. Meno ya mbele yakigusa ngozi yanaacha sehemu tu ya hao. Wewe ukiotesha unachagua koloni 10 au 20. Kisha mtuhumiwa anachukuliwa sampuli baada ya wiki 3, pengine katikati alimeza dawa. Wakipishana umepata nini? Huenda umekosa tu kuwaokota. Aliyeng'ata kweli anaweza kutoka kwa mlango huo.

Na kuna hili ambalo hukuligusa kabisa: uchafuzi. Sampuli ya alama ya kung'atwa ina bakteria wachache. Mwaka 2014 kulitoka kazi muhimu iliyoonyesha kwamba kemikali zenyewe za kutoa DNA zina DNA ya bakteria ndani yake, na kwenye sampuli chache hiyo ndiyo inayojaza majibu. Ukiacha kupima kijiti kitupu sambamba na sampuli yako, hujui unachokisoma.


#9 Lenzi (mleta uzi)

Dada Agari, umenisahihisha na nimekubali. Nafuta ile kauli ya "aachiwe". Kupishana peke yake hakutoshi, na nilipaswa kulijua hilo kwa sababu ndiyo shida ninayopambana nayo kila siku kwenye sahani zangu.

Kuhusu uchafuzi niongeze moja ambalo lilinifunza. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu alitupa kila mmoja sahani ya agari ya damu, akatuambia tuifunue mbele ya midomo yetu na kuhesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 100, kisha tufunike. Hakuna kukohoa, hakuna kutema. Kesho yake tulipofungua inkubeta, kila sahani ilikuwa na koloni, nyingine zimezungukwa na ule ukijani wa streptokoki. Maneno tu yalikuwa yamewapanda. Fikiria sasa askari, daktari na mpiga picha wamesimama juu ya alama ya kung'atwa wanazungumza bila barakoa. Bakteria wa kinywani watakaokutwa pale ni wa nani?


#10 Kanuni na Haki

Wakuu, mimi niko upande wa sheria. Nimefurahi kuona watu wa maabara mnasahihishana hadharani, mahakamani hatuoni hilo mara nyingi.

Mahakama za shirikisho za Marekani tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Daubert, 1993, zinamtaka jaji aulize: njia hii imejaribiwa? imekaguliwa na wataalamu wenzake? kiwango cha makosa kinajulikana? kuna utaratibu unaofuatwa? Ukiyasoma mabandiko haya, kwa swali la "je, ni mate" mtu anaweza kujibu yote manne bila kubabaika. Kwa swali la "je, ni ya huyu" swali la tatu linamkwamisha palepale. Alama za meno zilipita licha ya maswali hayo, kwa sababu majaji walikuwa wanatazama kesi za nyuma zilizozikubali.

Kuna mfano mwingine wa kutafakari. Baada ya barua za kimeta za 2001 Marekani, zilizoua watu 5, wachunguzi walifuatilia mabadiliko madogo kwenye DNA ya bakteria wale hadi kwenye chupa moja ya maabara. Ni bakteria wa aina moja, waliooteshwa maabara, na serikali nzima nyuma ya uchunguzi. Hata hivyo jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi lilipopitia kazi hiyo mwaka 2011 lilisema kwa sayansi peke yake huwezi kufikia hitimisho la uhakika kuhusu asili ya kimeta kile. Sasa pima na kinywa chenye mamia ya spishi, kinachobadilika.

Swali langu kwako Lenzi: tuseme aina zimefanana kweli, na uchafuzi umedhibitiwa. Kitu gani bado kinaweza kuharibu?


#11 Lenzi (mleta uzi)

Mkuu, hilo ndilo lililonifanya niandike uzi, na nimelichelewesha mpaka sasa.

Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichukua wapenzi, jozi 21, wakapima midomo yao kabla na baada ya kubusiana. Busu moja la sekunde 10 lilihamisha bakteria wapatao milioni 80. Waliokuwa wanabusiana mara kwa mara walikuwa na mate yanayofanana zaidi. Kisha 2023 ikatoka kazi kubwa sana, sampuli zaidi ya 9,700 kutoka nchi mbalimbali, ikifuatilia aina moja moja kabisa za bakteria. Wanaoishi nyumba moja walikutwa wanashirikiana takribani asilimia 32 ya aina za kinywani. Za tumboni ni 12 tu. Kinywa ndicho kinachogawana.

Sasa jiulize kung'atwa hutokea wapi. Mara nyingi ni ndani, kati ya watu wanaojuana: mume na mke, ndugu na ndugu, mlezi na mtoto. Mpelelezi atakuwa na watuhumiwa wawili au watatu, wote wa nyumba hiyohiyo. Yaani watu ambao bakteria wao wanafanana kuliko watu wengine wote duniani ndio watakaokuwa mbele ya hakimu wakitenganishwa kwa bakteria hao. Majaribio yanafanywa kwa washiriki wasiohusiana, halafu majibu yanapelekwa kwenye familia. Hapo ndipo ninapoona mtu akifungwa kwa kosa la mwenzake wa chumbani, na kila mtaalamu akiwa ameapa kwa dhamiri safi.

Zaidi ya hapo, aliyeng'atwa naye ana kinywa. Mtoto hujiramba kidonda. Mama hupuliza au hubusu palipouma. Na kama alikuwa anaishi na aliyemng'ata, bakteria wa mtuhumiwa wanaweza kufika kwenye ngozi kupitia mdomo wa mhanga mwenyewe.


#12 Nuru ya Asubuhi

Hapo kwa mama kubusu palipouma nimenyamaza kidogo. Sikuwahi kuwaza.

Je, wanaweza angalau kusema mtu ametoka bara gani, kabila gani? Nimeona mahali watu wanadai hivyo.


#13 Agari

Nuru, hapana. Mwaka 2009 mate ya watu 120 kutoka sehemu 12 duniani yalilinganishwa. Tofauti kati ya majirani wa sehemu moja ilikuwa karibu sawa na tofauti kati ya watu wa mabara tofauti. Anayekuuzia hilo usimsikilize.

Lakini nisionekane napinga kila kitu. Kuna kazi moja ambayo naona hawa bakteria wangeweza kufanya vizuri na haizungumzwi: kutofautisha kinywa cha binadamu na cha mnyama. Kidonda cha mbwa au paka mara nyingi kina Pasteurella, mwenyeji wa vinywa vya wanyama hao. Cha binadamu kina streptokoki wa kinywani na Eikenella corrodens. Lenzi, si unakumbuka kesi ya Mississippi?


#14 Lenzi (mleta uzi)

Naikumbuka, dada. Kennedy Brewer, alihukumiwa kifo 1995 kwa mauaji ya mtoto mdogo aliyekuwa pia amebakwa. Mwili ulikutwa majini. Mtaalamu wa meno alisema alama 19 mwilini ni za meno ya juu ya Brewer. Wataalamu wengine walikuja kusema si alama za meno ya binadamu kabisa, ni wadudu na viumbe wa majini kama kamba. DNA ikamtoa kwenye ubakaji ule mwaka 2001, lakini alisafishwa rasmi 2008.

Sisemi bakteria wangemwokoa. Maji yanaosha mengi, na mwili ukianza kuoza jamii ya bakteria inabadilika siku kwa siku. (Mabadiliko hayo yenyewe yanachunguzwa kama saa ya kukadiria mtu amekufa lini, kinywani kukiwamo, ila hilo linataka uzi wake.) Ninachosema ni kwamba swali "je, hiki ni kinywa?" halikuulizwa kwanza. Liliulizwa "ni kinywa cha nani?" na mtu akapatikana.


#15 Mzee wa Hoja

Marahaba Lenzi. Nimewaelewa. Nilichukulia kwamba kuchelewesha ushahidi ni kumlinda mwovu tu. Sikumfikiria yule wa nyumba moja naye.


#16 Zamu ya Usiku

Habari wakuu. Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura, nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Waliong'atwa huanzia kwetu, si maabara, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kuosha kidonda. Je, tunaharibu? Tufanye nini kwa zile dakika 5 tulizo nazo?


#17 Lenzi (mleta uzi)

Dada/kaka Zamu, asante sana kwa swali hili. Mgonjwa kwanza, hilo halina mjadala. Anayevuja damu atibiwe. Kung'atwa na binadamu kunaleta maambukizi mabaya, hasa kwenye vifundo vya vidole, kwa hiyo kuosha lazima kuwepo. Lakini kama hali inaruhusu, mgonjwa amekubali, na utaratibu wa kituo chenu unaruhusu, sampuli ichukuliwe kabla ya maji na dawa.

Vaa barakoa na glovu mpya kabla ya kufunua nguo, na waliopo wasizungumze juu ya kidonda. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Kisha tumia njia ya vijiti viwili, iliyochapishwa 1997 na David Sweet na wenzake: kijiti cha kwanza kiloweshwe maji safi yaliyotakaswa, ukizungushe taratibu juu ya alama kwa kukandamiza kidogo, kuanzia katikati kwenda nje, ili mate yaliyokauka yalainike. Mara moja pitisha kijiti cha pili, kikavu, palepale, kinyonye unyevu ulioachwa na cha kwanza. Vyote viwili vikauke kwa hewa na viende pamoja. Kama maabara yenu inaotesha bakteria, waulize mapema wanataka sampuli isafirishwe kwenye nini, kwa sababu wanaohitajika hai wakikauka wanakufa.

Nguo iliyokuwa juu ya alama usiitupe wala usiikunje ikiwa mbichi. Iende kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki inahifadhi unyevu na vitu vinaoza. Mkumbuke Krone, jibu lake lilikuwa kwenye nguo.

Halafu chukua kijiti kingine, upitishe kwenye ngozi ya upande wa pili wa mwili, mahali pasipoguswa na mtu, na kingine kitupu kabisa ukifungue tu na kukifunga. Hivyo viwili vinasahaulika kila mara. Viandikwe saa, tarehe, na jina la aliyechukua, kila kimoja kwenye bahasha yake. Hapo sasa mwoshe mgonjwa.